Waya wa Printa na Wi-Fi ya Simu kwa Pamoja: Namna ya Kutumia Mitandao Miwili Katika Kompyuta Moja

Katika maduka ya stesheneri ya Chake Chake nimeliona jambo hili mara nyingi. Mtoto wa skuli kaja kutoa matokeo yake ya kidato cha nne. Kijana wa dukani anawasha hotspoti ya simu, anafungua tovuti ya NECTA, baraza la mitihani, anaushusha ukurasa. Halafu anainama chini ya meza, anachomeka waya wa mtandao ili kompyuta iione mashine ya kopi, anachapisha, anauchomoa waya. Mteja wa pili akiingia, anaanza upya. Siku nzima yuko chini ya meza. Ukimuuliza kwa nini asiuache waya pahala pake, atakwambia: "Nikiuacha, intaneti inakata."

Anasema kweli, inakata. Lakini waya hauna kosa, na simu haina kosa. Kompyuta inaweza kushika waya na Wi-Fi kwa wakati mmoja bila ya kununua programu yoyote. Inataka kuambiwa tu kipi kipite wapi. Kazi yenyewe ni ya dakika 10 ukishaielewa, na naona uchungu kila ninapomuona mtu akiinama kwa jambo la dakika 10.

Kompyuta inachaguaje njia

Mtu aliyeko Chake akitaka kwenda kwa jirani, anatoka mlangoni na kwenda kwa miguu. Akitaka kwenda Unguja kwa boti, lazima ateremke Mkoani, bandarini. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Mashine zilizomo katika mtandao wake mwenyewe, kama printa, kompyuta ya pili au kisanduku cha kamera za ulinzi, inazifikia moja kwa moja kama majirani. Kila kilichoko nje ya hapo, iwe barua pepe au video, inakipeleka kwenye anwani moja iitwayo lango, ambayo mara nyingi ni ruta. Lango ndiyo bandari yake.

Ikipewa bandari mbili, kompyuta haigawi abiria nusu kwa nusu. Inaangalia nauli. Mafundi nauli hiyo wanaiita metriki, na njia yenye metriki ndogo ndiyo inayochukua abiria wote. Windows 10 na Windows 11 hupanga metriki zenyewe kwa kufuata kasi ya kiungo: waya wa gigabiti 1 hupewa 25, waya wa megabiti 100 hupewa 35, na Wi-Fi mara nyingi huwekwa juu ya hapo. Kwa hiyo waya ukichomekwa, nao umekuja na lango, basi abiria wote wanaelekezwa huko hata kama lango hilo halina intaneti hata chembe. Wanakaa ufukweni wakisubiri boti isiyokuja.

Na lango hilo la uongo linatoka wapi? Katika maduka mengi, kinachotumika kuunganisha kompyuta na printa ni ruta ya zamani iliyobakishwa kazi ya swichi, yaani kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao. Ruta hiyo bado inagawa anwani za IP, yaani namba za kuzitambulisha mashine katika mtandao, na kila kompyuta inayochomekwa inaambiwa: lango ni mimi. Kompyuta inaamini.

Kabla ya kubadilisha kitu: angalia namba

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi andika:

`ipconfig`

Utaona sehemu ya waya, ambayo huitwa Ethernet, na sehemu ya Wi-Fi. Katika kila sehemu nakili namba mbili: anwani ya IPv4 na lango, lililoandikwa Default Gateway. Ziandike kwenye karatasi. Ukiharibu kitu baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayokurudisha ulikotoka.

Sasa linganisha mafungu matatu ya mwanzo ya anwani zile mbili. Ikiwa waya ni 192.168.1.7 na Wi-Fi ni 192.168.1.15, una mas-ala: kompyuta itaona vijiji viwili vyenye jina moja na haitajua jirani yupi yuko wapi. Lazima yawe tofauti. Ruta nyingi za nyumbani hutumia 192.168.0 au 192.168.1. Hotspoti ya iPhone hutoa 172.20.10, na simu nyingi za Android za zamani hutoa 192.168.43, ingawa mpya hubadilisha namba kila mara. Kwa sababu hiyo, upande wa waya mimi huchagua 192.168.50. Ni namba ambayo si rahisi kugongana na ya mtu mwengine.

Ikiwa anwani zote mbili zinatoka kwa ruta ile ile moja, yaani umechomeka waya kwenye ruta na pia umeshika Wi-Fi yake, huna haja ya kuendelea na mwongozo huu. Hupati chochote cha ziada. Baki na waya, zima Wi-Fi.

Waya kwa printa, simu kwa intaneti

Hali hii ndiyo iliyoko katika maduka, katika skuli zenye chumba kimoja cha kompyuta, na katika zahanati nyingi ndogo.

Hatua ya 1. Ipe printa anwani isiyobadilika. Kwenye kioo chake kidogo ingia sehemu ya mtandao, ondoa utaratibu wa kupewa anwani, kisha andika 192.168.50.20 na chini yake 255.255.255.0. Mahali pa lango acha patupu au weka sufuri zote. Printa haina safari ya kwenda nje.

Hatua ya 2. Kwenye kompyuta bonyeza tena Windows na R, andika `ncpa.cpl`. Dirisha litakaloonekana lina alama za miunganisho yako yote. Bonyeza kulia juu ya Ethernet, chagua Properties, kisha ubofye mara mbili mstari wa Internet Protocol Version 4.

Hatua ya 3. Chagua kuandika anwani mwenyewe. Anwani iwe 192.168.50.11, mstari wa pili 255.255.255.0. Mstari wa tatu, wa lango, uache mtupu. Na sehemu ya DNS iliyo chini, ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, iache tupu pia. Mkono utakuwasha kutaka kuijaza mistari yote kwa sababu fomu yenye nafasi wazi inaonekana haijakamilika. Usijaze. Mstari huo mtupu ndio dawa yenyewe: umeiambia kompyuta kwamba kijiji hiki hakina bandari.

Hatua ya 4. Kompyuta ya pili ipe 192.168.50.12, ya tatu 192.168.50.13, na kuendelea. Mashine mbili zisipewe namba moja.

Hatua ya 5. Washa hotspoti, iunganishe Wi-Fi kama kawaida. Upande wa Wi-Fi usiguse kitu, acha simu igawe anwani yenyewe.

Hatua ya 6. Hakikisha. Rudi kwenye dirisha jeusi uandike:

`route print -4`

Tafuta mistari inayoanza na 0.0.0.0. Huo ndio mstari wa bandari. Unatakiwa uone mmoja tu, na lango lake liwe la simu. Ukiona miwili, waya bado una lango. Rudi hatua ya 3. Kisha jaribu jirani na mbali:

`ping 192.168.50.20`

`tracert -d 8.8.8.8`

Amri ya kwanza inaigongea hodi printa. Ya pili inaonyesha safari ya kwenda nje kituo baada ya kituo, na kituo cha mwanzo lazima kiwe namba ya simu yako.

Hatua ya 7. Kama printa ilikuwa imewekwa zamani kwa anwani nyengine, kompyuta itaendelea kuitafuta kule. Fungua sifa za printa, nenda sehemu ya Ports, ongeza mlango mpya wa Standard TCP/IP, uandike 192.168.50.20. Watu wengi hukwama hapa, wakadhani mtandao ndio mbaya, kumbe mtandao umeshakaa sawa na ni printa tu inayotafutwa nyumba aliyohama.

Ile ruta ya zamani, kabla ya kubadilisha anwani ya waya katika hatua ya 3, ingia kwenye mipangilio yake uzime DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani. Usipoizima, laptopu ya mgeni ikichomekwa siku moja itapewa lango la uongo na hadithi itaanza upya. Na nyaya zote zichomekwe kwenye matundu ya LAN. Lile tundu moja la rangi nyengine, la WAN, liache wazi.

Mafaili ya pamoja yakigoma

Baada ya kuondoa lango, Windows itauita upande wa waya mtandao usiojulikana, na chini yake itaandika hakuna intaneti. Usishtuke. Windows hutumia lango kuutambua mtandao, na wewe umeliondoa. Printa itafanya kazi bila ya shida. Kinachoweza kugoma ni kompyuta nyengine kuingia kwenye folda ulizozifungua kwa wenzako, kwa sababu mtandao usiojulikana huhesabiwa kuwa wa hadharani, na ukuta wa ulinzi hufunga milango.

Bonyeza kulia alama ya kuanzia, fungua PowerShell au Terminal kwa mamlaka ya msimamizi, uandike:

`Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private`

Jina lililomo kwenye alama za nukuu liwe lile lile ulilolikuta katika `ncpa.cpl`, pengine kwako ni Ethernet 2. Mara nyengine baada ya kuzima na kuwasha kompyuta itasahau. Ikiwa una Windows ya Pro, fungua `secpol.msc`, nenda Network List Manager Policies, na katika Unidentified Networks weka Private. Hapo haitasahau tena.

Bando

Hili nalisisitiza kwa sababu ni pesa za mtu. Sasa kompyuta ina intaneti mchana kutwa kupitia simu, na Windows haijui kwamba unalipia kila megabaiti. Itashusha masasisho yake kimya kimya hadi bando la wiki liishe kabla ya adhuhuri. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua jina la hotspoti yako, uwashe Metered connection. Masasisho mengi makubwa yatasubiri hadi ufike pahala penye intaneti isiyopimwa. Ukibadilisha simu, jina la hotspoti linabadilika, na lazima uwashe tena.

Intaneti ikiwa pande zote mbili

Ofisi nyengine, khasa mjini Unguja, zina ruta ya faiba kwa waya na hotspoti kama akiba. Waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika na kisiwa kikakaa gizani miezi mitatu, wanajua thamani ya kuwa na njia ya pili ya kila kitu.

Hapa malango yote mawili ni ya kweli, na wewe unapanga nauli. Katika `ncpa.cpl`, kwenye dirisha lile lile la IPv4, bonyeza Advanced, ondoa alama kwenye Automatic metric, andika namba. Unayemtaka wa kwanza mpe 10, wa akiba mpe 50. Kama ruta yako inatoa IPv6 pia, yaani anwani za mtindo mpya, na nyingi za siku hizi zinatoa, lazima ufanye hivyo hivyo upande wa IPv6, ama sivyo nusu ya tovuti zitapita njia usiyoitaka na hutajua kwa nini. Njia fupi ni PowerShell ya msimamizi, ambayo hurekebisha zote mbili kwa mara moja:

`Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet" -InterfaceMetric 10`

`Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Wi-Fi" -InterfaceMetric 50`

Umeme ukikatika, ruta inazimika, taa ya waya kwenye laptopu inazimika, na laptopu inahamia simu yenyewe. Lakini faiba ikikatika huko barabarani na ruta ikawa bado inawaka, laptopu haihami. Inauona waya uko hai, inaendelea kugonga mlango wa ruta. Siku hiyo chomoa waya kwa mkono. Mipangilio ya metriki haina jawabu la hilo. Jawabu ni ruta yenye njia mbili ndani yake, inayochunguza yenyewe kama intaneti ipo kweli.

Ofisi yenye mtandao mkubwa wa ndani

Pahala pengine waya haukupeleki kwa printa moja tu, unakupeleka kwenye mtandao wa idara nzima wenye vijiji vingi, tuseme anwani zote zinazoanza na 10.20. Ukiuacha mstari wa lango mtupu, utaona kijiji chako tu, vyengine havifikiki. Dawa ni kuandika njia maalumu: kila kinachokwenda 10.20 kipite kwa ruta ya ofisi, kilichobaki kipite kwa simu. Kama ruta ya ofisi ni 192.168.50.1, amri ni hii, katika dirisha jeusi la msimamizi:

`route -p add 10.20.0.0 mask 255.255.0.0 192.168.50.1`

Ile `-p` inaifanya amri ikumbukwe hata baada ya kuzima kompyuta. Ukitaka kuifuta: `route delete 10.20.0.0`.

Lakini kabla ya kufanya hivi, muone mtu wa TEHAMA wa ofisi umuombe ruhusa. Laptopu iliyoshika mtandao wa ndani na intaneti ya nje kwa pamoja ni mlango uliofunguliwa pande mbili. Kirusi kikiingia kwa simu, kinaweza kufika kwenye kompyuta za malipo au mafaili ya wagonjwa. Ikiwa ofisi imekataza, imekataza kwa sababu, na usiitafutie njia ya panya.

Wi-Fi inayojizima

Wengine watafuata yote haya na bado wataona kila wakichomeka waya, Wi-Fi inaondoka. Kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni Windows yenyewe. Kwa kawaida yake, ikishapata intaneti kwa waya, haiungi Wi-Fi yenyewe. Lazima uiunge kwa mkono. Ukitaka iache tabia hiyo, andika amri hii kwa mamlaka ya msimamizi, kisha uiwashe kompyuta upya:

`reg add HKLM\Software\Policies\Microsoft\Windows\WcmSvc\GroupPolicy /v fMinimizeConnections /t REG_DWORD /d 0 /f`

Ya pili iko chini zaidi ya Windows. Laptopu za kiofisi za HP na Dell, ambazo ndizo zinazouzwa sana kama mitumba, zina mpangilio ndani ya BIOS, programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows, unaozima Wi-Fi mara waya unapochomekwa. Kwenye HP tafuta LAN/WLAN Auto Switching, kwenye Dell tafuta Wireless Radio Control. Ondoa alama, hifadhi, toka. Unaweza kuhangaika na Windows wiki nzima na jambo likawa hapa.

Kwa wenye Mac na Linux

Mac ni rahisi: fungua mipangilio ya mtandao, tafuta Set Service Order, uburute Wi-Fi iwe juu ya waya. Kwenye Linux yenye NetworkManager, waya hupewa metriki 100 na Wi-Fi 600, kwa hiyo waya hushinda daima. Uambie waya usiwe bandari:

`nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.never-default yes ipv6.never-default yes`

Kisha uzime na kuuwasha muunganisho huo, na `ip route` itakuonyesha kama umefanikiwa.

Kasi hazijumlishwi

Naulizwa sana: waya una megabiti 10 na simu ina 10, je nitapata 20? Hapana. Faili moja linaloshushwa kwa kawaida hupita njia moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuunganisha njia mbili kuwa moja kunahitaji huduma maalumu yenye seva upande wa pili, kama Speedify, ambayo ni ya kulipia ukiitumia sana.

Na katika `ncpa.cpl` ukizichagua alama mbili kwa pamoja utaona neno Bridge Connections. Linavutia, linaonekana kama ndilo hasa ulilokuwa ukilitafuta. Usiliguse. Linaigeuza kompyuta kuwa swichi kati ya mitandao miwili, mipangilio yako ya anwani inapotea, na ukiwa na waya na Wi-Fi za ruta moja unaweza kuusimamisha mtandao wa ofisi nzima.

Waya wenyewe

Visiwani kwetu hewa ina chumvi na unyevu, na vipini vya waya vinashika kutu ya kijani ambayo huioni hadi uinamishe tochi. Kipini kikichoka, waya unaweza kushuka kutoka gigabiti 1 hadi megabiti 100, au ukawa unakata na kurudi kila dakika. Na kila waya ukirudi, kompyuta inapanga njia zake upya. Bofya mara mbili alama ya Ethernet uangalie Speed. Ikiwa swichi ni ya gigabiti na unaona 100.0 Mbps, badilisha kipini kabla ya kuilaumu mipangilio. Kipande kimoja kisizidi mita 100.

Katika nyumba za Mji Mkongwe, kuta nene za mawe na chokaa zinaimeza Wi-Fi ndani ya chumba kimoja. Pitisha waya hadi kwenye mashine zisizohama, na simu yenye hotspoti iwekwe chumba kile kile cha kompyuta, dirishani, panapopata mnara. Ichomeke chaji, lakini isikae juani, kwa kuwa simu ikipata moto hupunguza kasi yake au huizima hotspoti.

Mwisho wa kazi chukua ile karatasi ya namba. Chini yake ongeza anwani mpya: printa 20, kompyuta ya mbele 11, ya nyuma 12, lango la waya hakuna. Andika pia amri yoyote ya `route` uliyoiweka. Ibandike kwa gundi ya karatasi ubavuni mwa swichi, ili kijana atakayekuja kazini baada yako aikute hapo siku printa itakapobadilishwa.